UZI: Usiilaumu programu ya OMR kabla hujakagua faili ulilolilisha (picha, templeti, matokeo)

penseli_HB (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Humu jukwaani haupiti muda bila mtu kuja kulia kwamba programu yake ya kusahihishia karatasi za viduara imemsomea vituko, kiduara kimepakwa mpaka penseli inang'aa yenyewe inasema kiko wazi, kingine hakijaguswa inasema kimejazwa, na ushauri anaopewa ni uleule, hiyo ya bure achana nayo tafuta ya kulipia. Hapo huwa nabisha. Mwambie akutumie faili lenyewe alilolilisha, mara nyingi utakuta programu imefanya kazi yake vizuri tu ila imepewa uchafu.

Tuwekane sawa kwanza. OMR (optical mark recognition, kutambua alama) haisomi maandishi, ya kusoma maandishi ni OCR, msichanganye. OMR inaambiwa mapema viduara viko sehemu gani za ukurasa, inakwenda palepale, inahesabu pikseli zenye giza ndani ya kila kiduara, zikizidi kiwango fulani inaandika kimejazwa. Imeisha hiyo. Kwa hiyo kuna mafaili ya namna tatu, picha inayoingia, templeti inayosema viduara viko wapi, na data inayotoka upande wa pili. Leo naanza na picha maana ndo penye vilio vingi.

TIFF ndo mkongwe. Ilitolewa na Aldus mwaka 1986, toleo la 6.0 likatoka 1992 na mpaka kesho skana za ofisini zinalitema hilohilo. Inapendwa kwa sababu faili moja linabeba kurasa nyingi, linabeba dpi yake (nukta kwa kila inchi) ndani, na linakubali mibano ya kila aina. Na hapo kwenye mibano ndo pana mtego, kuona .tif mwisho wa jina hakukuambii chochote kilichomo. Inaweza kuwa haijabanwa kabisa, inaweza kuwa LZW (mbano usiopoteza kitu), Group 4 ya mambo ya faksi, au hata JPEG iliyovalishwa jina la TIFF. Mtu anajitapa "mimi natumia TIFF haipotezi kitu" kumbe ndani mna JPEG ya ubora wa chini.

Hesabu kidogo mtanisamehe. A4 kwa dpi 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, yaani kama milioni 8.7. Ukiihifadhi kwa biti moja (nyeusi au nyeupe, hakuna katikati) ni kama MB 1.1 kabla ya kubanwa, kwa kijivu cha biti 8 ni MB 8.7, kwa rangi kamili ni MB 26. Group 4 inaishusha ile ya biti moja mpaka makumi ya kilobaiti tu kama karatasi ni safi. Ndo maana watu wa IT wakiachiwa waseti skana wenyewe wanakimbilia biti moja, seva inapumua.

Sasa sogea karibu uangalie kiduara kimoja. Kina upana wa milimita 5, kwa dpi 300 hizo ni pikseli 59, ndani yake zinaingia kama 2,700. Mtahiniwa kapaka kwa penseli ngumu mkono mwepesi, pikseli zake zinacheza kwenye 160 mpaka 180 pale ambapo 0 ni nyeusi tii na 255 ni nyeupe. Skana imesetiwa kukata kwenye 128. Zote 2,700 zinageuka nyeupe! Hamna hata moja iliyobaki ya kuhesabu. Programu ikisema kiko wazi imekosea wapi? Uamuzi ulishafanywa na skana kabla faili halijazaliwa, na hakuna kitufe cha kuurudisha. Ungekuwa na kijivu ungepandisha kizingiti mpaka 190 ukarudia kusoma kurasa zilezile bila kugusa karatasi.

Msimamo wangu basi, kijivu cha biti 8, dpi 200 mpaka 300, PNG au TIFF isiyopoteza. Pingeni.

Mzee_wa_Biti_Moja

Napinga. Kijana unawatisha watu bure. Sisi tumesahihisha kwa biti moja miaka na miaka na kazi zilikwenda. Kwanza zipo programu zinazoitaka hiyohiyo biti moja, SDAPS kwa mfano inataka TIFF nyeusi na nyeupe yenye kurasa nyingi, ukipeleka kijivu chako inakugomea. Pili karatasi laki moja kwa MB 8.7 ni kama GB 870 kwa mtihani mmoja tu, nakala ya akiba utaiweka wapi?

Tatu, na hili vijana hamlijui, fomu ikichapwa vizuri huhitaji kijivu. Viduara vinachapwa kwa rangi ambayo skana inaipotezea, mara nyingi nyekundu hafifu, unaskani kwa mwanga mwekundu, miduara yote na herufi zake zinatoweka kwenye picha na kinachobaki ni penseli peke yake. Hapo unaweza kuweka kizingiti juu kabisa kwenye 200 hata mkono mwepesi unaonekana, maana hakuna wino wa fomu wa kukuchanganya. Tatizo lenu mnachapa fomu kwa printa ya wino mweusi kwenye karatasi ya kawaida halafu mnalaumu biti.

Na tukumbushane, kazi hii ilianza bila picha yoyote. Mashine ya IBM 805 ya mwaka 1938, iliyotokana na kazi ya Reynold Johnson, ilikuwa inapitisha umeme kwenye alama ya penseli, grafaiti inapitisha umeme, basi inapima. Na mashine maalumu za OMR zilizokuja baadaye, zile zinazosoma kwa kufuata mistari myeusi ya pembeni mwa karatasi, nyingi hazihifadhi picha, zinatoa mstari wa maandishi moja kwa moja kwenye faili. Hamna TIFF hamna PNG.

penseli_HB

Shikamoo mzee. Hapo kwenye rangi inayopotezwa nimekubali mia kwa mia, fomu ya namna ile ukiiskani vizuri biti moja inatosha na Group 4 haipotezi hata pikseli moja ya kile ilichopewa. Ila wangapi humu wana fomu hizo? Wengi wanachapa nyeusi, ukipandisha kizingiti mpaka 200 herufi A iliyomo ndani ya kiduara nayo inahesabiwa kama giza, pamoja na duara lenyewe.

Hizo mashine zisizohifadhi picha ndo zinanitia wasiwasi kuliko zote. Mtu akikata rufaa unamwonyesha nini? Unarudi kutafuta karatasi kwenye maboksi.

Halafu biti moja ina vioja vyake viwili ambavyo hujavigusa mzee wangu. Kuna skana ukichagua "nyeusi na nyeupe" inatengeneza vidotidoti kuigiza kijivu, kivuli cha karatasi kinageuka mchanga uliomwagika hadi ndani ya viduara, hiyo zima kabisa. Na kuna tagi (kijisehemu cha maelezo ndani ya faili) namba 262 ndani ya TIFF inayosema sifuri ni nyeupe au sifuri ni nyeusi. Programu isiyoiheshimu tagi hiyo inaona ukurasa umegeuzwa, kila mtahiniwa kajaza viduara vyote. Ukiona matokeo ya hivyo usianze kushuku wizi wa mtihani, angalia 262.

Mzee_wa_Biti_Moja

Marahaba. Kwenye rufaa una hoja.

kodi_usiku

mimi shida yangu ni PDF jamani. photokopi ya ofisini inaskani inatuma PDF kwenye email mimi naichukua naitia kwenye programu, kurasa zingine zinasomeka fresh zingine inaruka maswali, na kwa macho naziona safi kabisa hata nikivuta karibu. PDF si ndo bora kuliko JPEG au?

penseli_HB

Mkuu PDF si picha, ni mfuko. Unachotakiwa kujua ni kilichomo ndani ya mfuko. Mle ndani kunaweza kuwa na JPEG, Group 4, JBIG2, JPEG 2000, na photokopi nyingine zinaukata ukurasa vipandevipande, maandishi zinayabana kivyake kwa biti moja na mandharinyuma kivyake kwa JPEG iliyofifishwa, ili faili liwe dogo. Kwa macho ukurasa unapendeza. Ila penseli hafifu ikihesabiwa kama mandharinyuma imekwisha, inafifishwa pamoja na vivuli vya karatasi.

Kama una zana za Poppler (za bure za kushughulikia PDF) andika hivi kwenye dirisha la amri

pdfimages -list faili.pdf

itakutolea jedwali, kila picha na ukurasa wake, upana, urefu, kwenye kolamu ya enc utaona jpeg au ccitt au jbig2, na x-ppi ndo dpi halisi. Ukiona ukurasa mmoja una picha tatu nne jua photokopi yako inakatakata. Kama ni picha moja safi kwa kila ukurasa zitoe na pdfimages -png, hiyo inakupa pikseli zilezile zilizomo. Usitumie "hifadhi kama picha" ya kisoma PDF, ile inachora ukurasa upya kwa dpi inayojiamulia yenyewe.

Na ukiona jbig2 simama kwanza. JBIG2 ina namna mbili, ya kutopoteza haina neno, ya kupoteza ndo hatari, inatafuta maumbo yanayofanana kwenye ukurasa inahifadhi moja halafu inalibandika kila mahali. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha photokopi za Xerox WorkCentre zilikuwa zinabadilisha tarakimu kwenye nyaraka kwa njia hiyo, 6 inatoka 8, na herufi zake kali hakuna ukungu hakuna chochote cha kukushtua. Xerox walitoa marekebisho ya programu. Sasa fikiria ukurasa wenye viduara 200 vinavyofanana kama pacha, ndo chakula anachokipenda huyo.

skana_bubu

Naongezea upande wa simu maana wengi siku hizi wanapiga picha. JPEG inagawa picha kwenye vibloku vya pikseli 8 kwa 8 na kubana kila kibloku kivyake, ukibana sana kunatokea vivuli vya mawimbimawimbi kuzunguka kila mstari mweusi. Kiduara cha milimita 5 kwa dpi 100 ni pikseli 20 tu upana, yaani hata vibloku vitatu havifiki, kwa hiyo yale mawimbi ya duara lenyewe yanajaa mpaka katikati. Kwa dpi 300 na ubora wa 90 hivi JPEG wala haina shida, msiiogope kupita kiasi, tatizo ni ndogo halafu imebanwa.

Muuaji mkubwa ni WhatsApp. Ukituma kama picha inapunguzwa na kubanwa upya, tuma kama dokumenti. Na wenye iPhone, tangu iOS 11 ya 2017 simu inahifadhi HEIC, programu nyingi za OMR hazijui hata kuifungua, badilisha kwenye seting za kamera iwe JPEG. Kingine ni tagi ya mzunguko kwenye EXIF (maelezo ambayo simu inayaambatanisha na picha), simu inahifadhi picha imelala halafu inaandika pembeni "igeuze nyuzi 90". Wewe kwenye skrini unaiona imesimama, programu isiyosoma EXIF inaiona imelala. Unabaki kubishana nayo.

kodi_usiku

nimefanya hiyo pdfimages. enc ni jpeg zote, ila x-ppi kurasa zingine 300 zingine 200, kumbe wanaskani watu wawili tofauti na kila mtu na seting yake. hii inaathiri?

penseli_HB

Hapo ndo tunaingia kwenye templeti mkuu, umenipeleka nilikokuwa naenda.

Templeti haina muundo mmoja wa dunia nzima. Kati ya programu za bure, FormScanner inatunza yake kwenye faili la XML lenye mwisho wa .xtmpl, OMRChecker inatumia template.json, Auto Multiple Choice yenyewe inatengeneza karatasi kwa LaTeX kwa hiyo inajua kila kisanduku kiko wapi tangu inachapa, nafasi zinatoka kwenye faili la .xy halafu zinaingia kwenye database ya SQLite. Za kulipia kila kampuni na yake na nyingi huwezi kuzifungua kwa kitu kingine. Hilo kwangu ndo swali la kuuliza kabla ya kununua, maana templeti ikiwa ni maandishi ya kawaida unaweza kuirekebisha hata kwa Notepad, na baada ya miaka kumi bado utajua A ilikuwa wapi.

Chukua ya OMRChecker. Unaandika pageDimensions, halafu kwa kila bloku la maswali unaweka origin, bubblesGap na labelsGap. Tuseme origin ni [200, 450], pengo la kiduara hadi kiduara ni 40, swali hadi swali ni 52. Chaguo C la swali la tatu litakuwa x = 200 + 40 + 40 = 280, y = 450 + 52 + 52 = 554. Hesabu ya darasani kabisa. Sasa templeti hiyo kama imepimwa kwenye picha ya dpi 200 ukaleta ya 300, C yuleyule yuko 420, 831. Programu inayotumia pikseli ghafi inakwenda 280, 554 inakuta karatasi tupu au kiduara cha swali lingine, na jibu inakupa kwa kujiamini.

OMRChecker hapo inajiokoa kwa sababu inaibadilisha kwanza picha ifike vipimo vya pageDimensions. Nyingine zinajiokoa kwa alama nyeusi za kwenye kona. Yako inaelekea haifanyi hivyo, au zile alama za kona zinamezwa na kingo za karatasi kwenye zile kurasa za 200. Jaribu kuzipandisha hizo kurasa zifike 300 kabla ya kulisha, au bora wakubaliane waskani kwa seting moja. Kingine, ambacho hata alama za kona haziponyi kama huna zote nne, ni karatasi ya Letter kuchanganywa na A4. A4 ni milimita 210 kwa 297, Letter 216 kwa 279, ukivuta Letter iwe A4 upana unasinyaa na urefu unanyooka, maswali ya juu yanasomeka, ya chini yamehama.

kodi_usiku

yanayorukwa ni ya chini kweli!! ngoja nicheki

mama_wa_takwimu

Wanangu mmeongelea picha weee mmesahau sisi tunaopokea matokeo. Mnatuletea CSV (faili la maandishi, kolamu zimetenganishwa kwa mkato) mnasema kazi imekwisha, kwetu ndo inaanza.

Namba ya mtahiniwa 00417, mtu kabofya faili mara mbili likafunguka kwenye Excel, akalihifadhi, sasa ni 417. Namba ya tarakimu 16, Excel inashika tarakimu 15 za mwanzo tu ile ya mwisho inakuwa sifuri, na watahiniwa kumi waliofuatana wanageuka mtu mmoja. Jibu lililoandikwa 1-2 linageuka tarehe. Kwenye kompyuta ambayo desimali inaandikwa kwa mkato, Excel inatarajia nukta mkato kati ya kolamu, kwa hiyo kila kitu kinajazana kolamu ya kwanza. Msilifungue kwa kubofya! Ingizeni kwa njia ya kuleta data na mseme kolamu ya namba ni maandishi.

Na tafadhali sana tofautisheni aliyeacha wazi na aliyejaza viwili. Kuna programu zinaweka pengo tupu kwa vyote viwili, mimi nitajuaje nani hakujibu na nani alifuta vibaya? OMRChecker kwa mfano aliyejaza A na C inaandika AC, hiyo naipenda, nitaamua mwenyewe cha kufanya nayo.

Yale mafaili ya zamani ya maandishi yenye nafasi maalumu anayoyasema mzee, herufi ya 1 mpaka 8 namba, ya 9 na kuendelea majibu, nayaheshimu, hayana mkato wala mabano ya kukosea. Ila jibu lililoachwa wazi humo ni nafasi tupu, na kuna vihariri maandishi vinafuta nafasi tupu za mwisho wa mstari vikihifadhi. Aliyeacha maswali matano ya mwisho mstari wake unakuwa mfupi kwa herufi tano, programu ya takwimu kama inasoma bila kujali mistari inaanza kuazima majibu ya mtahiniwa anayefuata. Wekeni hata nyota au kistari badala ya nafasi tupu.

Na wenye .xls ya zamani hameni. Inaishia mistari 65,536. Uingereza mwezi wa kumi 2020 visa 15,841 vya korona vilichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu ya kikomo hichohicho, faili lilijaa likakata bila kelele. .xlsx inafika 1,048,576.

Mzee_wa_Biti_Moja

Mama umesema kweli. Na DBF je, lile faili la database la zamani, bado mnaipokea?

mama_wa_takwimu

Napokea lakini nanung'unika mzee. Jina la kolamu mwisho herufi 10, wanakata majina wenyewe kila mtu anavyojua, swali_la_10 na swali_la_11 yote yanabaki swali_la_1.

kodi_usiku

mrejesho wakuu. zile za 200 ziliskaniwa skana ikiwa imesetiwa Letter, chini imekatwa alama mbili za kona hazipo kabisa. tunaskani upya. swali la mwisho, nikishapata PNG nazipa majina gani, hii photokopi inaita scan1 scan2 scan10

skana_bubu

Jaza sifuri mbele, 0001, 0002. Programu zinazopanga kwa herufi zinaweka scan10 kabla ya scan2. Kwa fomu ya ukurasa mmoja si kitu, ila kama fomu yako ina mbele na nyuma na programu inachukua mafaili mawili mawili, mbele ya huyu inaungana na nyuma ya yule na hakuna onyo lolote litakalotokea.

penseli_HB

Na jina hilo la picha liwe na kolamu yake kwenye CSV. Mama akiona AC asiyoielewa afungue 0412.png aangalie mwenyewe, si kukupigia simu saa tano usiku.

mama_wa_takwimu

Nitapiga tu.